Majira Bila Daftari

Mwanzoni mwa mwezi wa Septemba mwaka mmoja nilialikwa katika shule moja ya sekondari wilayani Muleba ili nizungumze na wanafunzi juu ya kilimo cha bustani, somo nililolifundisha chuo kikuu kwa miaka mingi na ambalo sasa nalitenda kwa mikono yangu katika kibanja alichoniachia baba yangu. Mvua za kwanza za vuli zilikuwa zimenyesha siku chache zilizotangulia. Vumbi la kiangazi lilikuwa limetulia, na majani mabichi yalikuwa yameanza kujitokeza pembezoni mwa uwanja wa mpira. Nilipomaliza kusema, kijana mmoja wa kidato cha pili alisimama, akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Profesa, kitabu chetu kinasema kwamba nchi za baridi zina majira manne, na kwamba katika majira ya machipuko ndipo mimea inapoamka. Je, sisi wa huku, machipuko yetu ni lini?"

Wenzake waliangua kicheko. Mimi nilimshukuru, kwa sababu swali lake lilikuwa la kisayansi barabara. Nikiwa njiani kurudi Bukoba niliona kwamba jibu nililompa lilikuwa fupi mno. Makala hii ni jibu langu kamili kwake, kwa wenzake, na zaidi kwa walimu wao.

Huko Ulaya mimea huamshwa hasa na mambo mawili: joto na urefu wa mchana. Mjini London mchana mfupi wa Desemba haufikii saa 8, ilhali mchana mrefu wa Juni huzidi saa 16. Mti uliopukutisha majani wakati wa baridi hungoja mpaka baridi ipite na siku zirefuke, ndipo utoe majani mapya. Sasa tuitazame Bukoba, iliyo kiasi cha digrii 1.3 tu kusini ya Ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kuliko yote katika mwaka haifikii hata dakika 10. Joto nalo halibadiliki sana. Wastani wake hukaa karibu na nyuzi 20 au 21 za Selsiasi mwezi hata mwezi. Kama mimea yetu ingengoja kuambiwa na jua wakati wa kuchanua, ingengoja milele.

Kwetu saa ya mimea ni maji. Pepo zinazovuma kutoka kusini-mashariki huvuka Ziwa Viktoria, zikachukua unyevu, kisha zikapanda miinuko ya ufuko wa magharibi na kuuangusha unyevu huo kama mvua. Ndiyo sababu mji wa Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali ukisafiri kuelekea Karagwe kiasi hicho hupungua hadi karibu nusu yake. Mvua hiyo ina vipindi viwili, masika na vuli, na kati yake miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa mikavu kuliko mingine. Kwa hiyo kiangazi ndicho kinachoshika nafasi ya baridi ya Ulaya, na mvua ya kwanza baada yake ndiyo mwanzo wa machipuko yetu.

Mfano ulio bora ni mbuni. Kahawa ya robusta inayolimwa katika vibanja vya Bukoba na Muleba hutengeneza matumba ya maua, kisha matumba hayo husimama kukua na kulala usingizi. Ukavu unapoendelea matumba yanakuwa tayari, lakini hayafunguki. Inyeshapo mvua ya kutosha, huamka yote kwa pamoja, na baada ya kiasi cha siku 7 hadi 12 matawi hufunikwa na maua meupe yenye harufu kama ya asumini. Siku chache tu, nayo yamenyauka. Tena robusta haiwezi kujichavusha yenyewe: chavua ya mti mmoja lazima ifike kwenye mti mwingine wa aina tofauti, ikichukuliwa na upepo au na nyuki. Mvua kubwa ikinyesha katika siku hizo chache, chavua huoshwa, na mkulima ataona upungufu wake miezi mingi baadaye atakapovuna. Basi siku ile moja ya mvua na siku zile chache za maua zina uzito katika mfuko wa mzazi anayelipia sare na madaftari ya mwanawe.

Sasa napenda kuwauliza walimu na wanafunzi wa Kagera swali moja. Mwaka jana mibuni iliyo karibu na shule yenu ilichanua tarehe gani? Na mwaka juzi? Je, mvua ya kwanza ya vuli ilipimwa milimita ngapi? Senene, ambao watoto wote wa mabweni huwakimbilia usiku chini ya taa mwezi wa Novemba, walianza kushuka siku gani? Nimeuliza maswali haya katika shule kadhaa, na kila mara nimejibiwa kwa ukarimu, lakini bila tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Majira nayo ni mali.

Wenzetu walitambua jambo hili zamani. Mwaka 1736 mwenye shamba mmoja wa Norfolk nchini Uingereza, jina lake Robert Marsham, alianza kuandika dalili za machipuko katika shamba lake: siku ua fulani lilipofunguka, siku mti wa mwaloni ulipotoa majani, siku chura wa kwanza alipolia. Hakuwa na maabara. Alikuwa na macho, kalamu na subira, na baada yake jamaa zake waliiendeleza kazi hiyo hadi mwaka 1958. Huko Kyoto nchini Japani, maandishi ya watu wa mahakama ya mfalme na ya watawa yamehifadhi siku za kuchanua kwa micheri tangu karne ya 9. Waliandika kwa sababu ya sherehe zao, wala hawakuwa na nia ya kupima hali ya hewa. Leo wanasayansi wanayasoma maandishi hayo na kuona jinsi dunia inavyopata joto: mwaka 2021 micheri ya Kyoto ilifikia upeo wa maua tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo za miaka zaidi ya 1,200.

Yafaa tusidhani kwamba jambo hili ni la wageni tu. Kimo cha maji ya Ziwa Viktoria kimekuwa kikisomwa huko Uganda tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa sababu hiyo tunaweza kusema kwa hakika kwamba ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya mwaka 1961 na 1964, na kwamba mwezi wa Mei 2020 lilifikia kimo kilichokipita kidogo hata kile cha 1964. Wazee wa mwaloni walikumbuka mafuriko yale ya kwanza, lakini kumbukumbu ya mzee haiwezi kutuambia sentimita. Fimbo yenye alama na mtu wa kuisoma ndivyo vilivyotuambia.

Hapa sharti niwatendee haki wazee wetu, kwa maana kibanja chenyewe ni kazi ya watu waliotazama kwa makini sana. Udongo wa asili wa sehemu kubwa ya ukanda wa ziwa ni maskini. Umetokana na mawe ya mchanga, na mvua nyingi zimeosha rutuba yake. Ukitoka ndani ya kibanja ukaingia rweya, yaani nyika ya majani iliyo nje yake, utaona tofauti kwa macho. Udongo mweusi wa kibanja ulitengenezwa na mikono ya watu kwa vizazi vingi: samadi ya ng'ombe, majani yaliyokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, majivu na takataka za jikoni. Ndani yake migomba huwapa kivuli mibuni, maharage hufunika ardhi, na katika kila shina mkulima huacha vizazi vitatu, mama, binti na mjukuu, ili mkungu mmoja ukikatwa mwingine uwe njiani. Hakuna aliyeyajua haya bila kujaribu, kukosea, na kujaribu tena.

Lakini elimu iliyokaa vichwani ina udhaifu wake: mambo yanapobadilika upesi, haiwahi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe wengi, na baadaye ongezeko la watu likapunguza rweya ya malisho. Leo kaya nyingi hazina ng'ombe hata mmoja. Utafiti uliofanywa Bukoba katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kibanja chenye ng'ombe kinaweza kurudishiwa virutubisho vinavyotolewa na mavuno, lakini kisicho na ng'ombe hupoteza kuliko kinavyopata. Kila mkungu unaopakiwa kwenye lori kwenda mjini huondoka na potasiamu na naitrojeni ambayo hairudi. Migomba dhaifu huvamiwa kwa urahisi na minyoo ya mizizi na fukusi, na mkulima husema tu kwamba ardhi imechoka.

Kisha ukaja mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umethibitishwa katika Mkoa wa Kagera, ukianzia wilayani Muleba. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina hutoka ute wa rangi ya manjano. Watu wengi walidhani ni laana au ni sumu. Waliotazama kwa makini waligundua njia zake mbili kubwa: wadudu wanaotembelea ua dume, lile fundo la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, na kisu au panga linalotumika kutoka shina moja hadi jingine. Dawa ikapatikana humo humo katika kutazama: livunje ua dume kwa kijiti chenye panda, bila kisu, mara tu chana ya mwisho inapotokea, pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa shina jingine, na shina lililougua likate mapema. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji jicho lililozoea kuona mabadiliko siku ile yanapoanza.

Jicho la namna hiyo hufundishwa wapi? Jibu langu ni kwamba linapaswa kufundishwa katika bustani ya shule. Na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawatalipenda.

Katika shule niliyosoma mimi, aliyechelewa mstarini alipimiwa kipande cha kulima. Aliyepiga kelele usiku alifyeka. Aliyefeli hesabu alibeba samadi. Tulijifunza vizuri sana. Tulijifunza kwamba jembe ni la wakosaji. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa chuo kikuu, niliwapeleka wanafunzi wa mwaka wa kwanza bustanini asubuhi ya kwanza ya muhula, nikamkabidhi kila mmoja jembe. Kijana mmoja aliyekuwa na alama nzuri kuliko wote aliligeuza jembe lile mkononi, akaniuliza kwa mzaha ambao haukuwa mzaha mtupu: "Profesa, tumekosa nini?" Hawa walikuwa wanafunzi waliochaguliwa kusomea kilimo! Nilihitaji muhula mzima kuifuta fikra ile, na sina hakika kwamba niliifuta kwa wote.

Mwalimu Nyerere alipotoa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, hakukusudia kwamba shamba la shule liwe mahali pa adhabu, wala liwe chanzo cha vibarua wa bure. Alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi, wayaone matokeo ya mbinu walizozitumia, wahesabu faida na hasara, na wajifunze kutokana nayo. Katika shule nyingi jasho lilibaki, fikra ikasahauliwa. Wanafunzi walilima mistari mirefu bila kuambiwa kwa nini, kisha wakaingia darasani kukariri masharti ya uotaji wa mbegu, ilhali nje ya dirisha maharage yalikuwa yakiota. Hali hiyo haijaisha. Mwezi wa Novemba watahiniwa wa kidato cha nne hukesha na michoro ya ua katika daftari wakati ambapo wanaweza kulishika ua lenyewe.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba kulima kuondolewe kabisa katika orodha ya adhabu za shule. Hakuna mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kumpeleka maabara ya kemia. Bustani nayo ni maabara ya baiolojia na ipewe heshima hiyo. La pili ni kwamba kila shule ya sekondari iwe na Daftari la Majira, na ndani yake yaandikwe mambo manne yasiyohitaji vifaa vya gharama.

Mosi, mvua. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, liwekeni mahali pa wazi mbali na miti na mapaa, na kila siku saa 3 asubuhi pimeni kwa rula kina cha maji. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo mvua ya milimita 25 juu ya paa la darasa lenye mita za mraba 160 ni lita 4,000, na hilo ni fundisho la hesabu na la tangi la maji kwa pamoja. Pili, maua. Fungeni utepe kwenye matawi kumi ya mibuni, mwandike siku ya mvua, siku ya kuchanua, na hesabu ya matunda yaliyoshika. Tatu, wadudu. Pasueni kipande cha shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, chenye urefu wa sentimita 30 hivi, mkilaze chini ya mgomba upande uliopasuliwa ukitazama ardhi, na baada ya siku tatu hesabuni fukusi waliojificha humo. Nne, majilio: siku ya senene wa kwanza, ya kumbikumbi wa kwanza, ya ua dume la kwanza kuvunjwa, na ya jani la kwanza lenye dalili za ugonjwa.

Nimekwisha kusikia hoja za kupinga. Mwalimu atasema muhtasari ni mrefu na mtihani uko karibu. Namjibu kwamba kusoma kopo la mvua ni kazi ya dakika tano, na kwamba mwanafunzi aliyechora grafu ya mvua aliyoipima mwenyewe hatatishwa na grafu ya mtihani. Mzazi atasema hakumpeleka mwanawe shule ili akalime. Namjibu kwa heshima kwamba mtoto huyu hatumwi kulima zaidi. Anafundishwa kufikiri juu ya kile kinachomlipia mahitaji yake ya shule. Mwingine atasema kwamba daftari la shule moja halina thamani kwa sayansi. Huyo namkumbusha shamba moja la Norfolk.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya uendelevu, nami naikubali. Mwaka mmoja hauonyeshi kitu. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia wastani wa miaka 30. Walimu huhamishwa, wanafunzi humaliza, na daftari huachwa kabatini likaliwa na mchwa. Kwa sababu hiyo daftari lisiwe la mwalimu, bali la shule, na litunzwe na wanafunzi wa kidato cha pili. Kila mwisho wa mwaka walikabidhi mbele ya shule nzima kwa wale wanaoingia kidato hicho. Nakala moja ipelekwe kwa watafiti wa kilimo walioko Maruku, karibu na mji wa Bukoba, ambao kwa miaka mingi wamefanya kazi juu ya migomba na kahawa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza kujenga kampasi katika Mkoa wa Kagera katika miaka hii ya 2020. Yafaa kampasi hiyo iwe na kibanja chake na daftari lake, ili mwanafunzi atokaye Muleba asione kwamba kuingia chuo kikuu ni kuuacha mgomba nyuma.

Sasa nirudi kwa kijana aliyeniuliza. Mwanangu, machipuko yetu yapo, tena huja mara mbili kwa mwaka. Hayakuandikwa katika kitabu chako kwa sababu waliokiandika waliyatazama ya kwao. Ya kwetu yanangoja wa kuyaandika, na wakati si mwingi, kwa kuwa mvua zinaweza kubadilika kabla hatujajua zilikuwaje. Mvua ya vuli itakapoanza tena, amka mapema, tafuta kopo na rula, na saa 3 asubuhi uandike tarehe, kiasi cha mvua, na jina lako.